Ukiitwa useme juu ya vita mbele ya wakubwa

Juzi nimepata ujumbe wa binti mmoja wa Malindi. Amechaguliwa awasemee vijana wenzake mbele ya wakubwa wa usalama wanaokuja kutoka Nairobi, na kapewa dakika tano. "Shangazi, nianzie wapi? Naogopa watanisikiliza kwa adabu, wanipigie makofi, halafu waende zao." Nimeshampigia simu, lakini najua wengi mnaonisoma mnalitaka hilohilo: mkubwa akusikie hadi abadilishe alilokuja nalo. Basi naliweka hapa.

Kwanza umjue unayesema naye vita kavionaje. Mkubwa huvijua vita kwa tarehe na kwa majina ya miji. Septemba 2011 Mwingereza aliuawa Kiwayu, huku kwetu Lamu, na mkewe akachukuliwa mateka. Wiki chache baadaye mama wa Kifaransa, asiyeweza kutembea, akabebwa nyumbani kwake Manda. Oktoba mwaka huohuo jeshi letu likavuka mpaka kuingia Somalia kupigana na Al-Shabaab, na operesheni ikapewa jina, Linda Nchi. Baada ya hapo redio ilitutajia Ras Kamboni, Afmadow, na mwaka uliofuata Kismayu. Kila mji ukitajwa, kuna mtu Nairobi amesimama mbele ya kamera anaeleza hatua iliyopigwa. Sisemi waliongopa, miji ilitekwa kweli. Ila wao macho yao yalikuwa huko.

Sisi vita vilitujia na saa ya magharibi, jua likizama. Wavuvi walikatazwa bahari ya usiku. Kisha ikaja Mpeketoni, Juni 2014, na mashambulizi ya vijiji vya jirani, watu zaidi ya 60 wakauawa. Julai ikatangazwa kafyu kaunti nzima ya Lamu, Amu yetu, na ilikuwa Ramadhani imefika kumi la mwisho. Sisi tarawehe tukaziswali ndani, milango imefungwa, mji kimya kama si Amu.

Mimi ni wa Kizingitini, kisiwani Pate. Baba yangu anavua kwa jarife, wavu wa kutega, na asiyelijua jarife hawezi kuelewa ile amri ilitufanya nini. Jarife hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri, kwa sababu gizani samaki haoni nyuzi. Mchana anaziona, anageuka. Kwa hiyo uliposikia mtu akisema "si wavue mchana," ulijua papo hapo kwamba hajawahi kulishwa na bahari. Jarife la baba lilitundikwa ukutani, maboya yake ya ndara kuukuu yakining'inia juu ya kitanda cha wadogo zangu, na panya wakaanza upande wa chini. Mama alikuwa mama karanga, mkaanga samaki wa kuuza. Karai lake likageuzwa kifudifudi uani. Deni la tajiri aliyetukopesha nyuzi halikujua kafyu.

Siku wakubwa walipokuja Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, niliingia mashua ya asubuhi na kipande cha jarife lile ndani ya kikapu. Walionitangulia walisoma karatasi. "Tunaiomba serikali, tunaishukuru serikali." Mmoja alileta ndovu wawili wanaopigana na nyasi zinazoumia, akapigiwa makofi makubwa kuliko wote, na makofi yalipokwisha hakuulizwa swali hata moja. Tangu siku hiyo namwambia kila kijana: methali hiyo iache nyumbani. Mkubwa ameisikia tangu yuko shule, na akiisikia hujihesabu yeye ni mwenye hekima wala si ndovu.

Nilipoitwa nililimwaga jarife juu ya meza yao, juu ya chupa za maji na mafaili. Lilikuwa bado linanuka. Nikawaambia: hili hutegwa saa kumi na mbili jioni, huvutwa saa kumi na moja alfajiri. Amri yenu inaanza lini na inakwisha lini? Basi. Sikulia, sikumtukana mtu. Afisa mmoja alilishika, akapitisha vidole kwenye matundu, akauliza kama haliwezi kutegwa saa tisa na kuvutwa kabla ya jua kuzama. Nikamweleza habari ya bamvua na maji mafu, siku bahari inapojaa sana na siku inapojaa kidogo, kwamba maji yana saa zake, hayaandikiwi barua. Akaandika, akaniuliza tena, akaandika. Katika watu wote waliosimama siku ile, mimi peke yangu niliulizwa. Nalisema kwa fahari, na ninayo haki.

Marufuku hayakuondoka kesho yake, yalidumu miaka. Lakini kinachoniuma mpaka leo ni kingine. Kiongozi mmoja aliyekaa kwenye meza ile, aliyekuwa akichezea simu nilipokuwa nikisema, uchaguzi ulipofika alipanda jukwaani akasimulia habari ya jarife. Alisema yeye ndiye aliyewaeleza wakubwa. Nilikuwa nimesimama umbali wa kusikia pumzi yake. Hakunitaja.

Kwa hiyo nawaambia, msiende kutafuta shukrani, mtarudi na kidonda. Nendeni mkatoe saa, bei na kitu cha kushikwa mkononi. Na msijifanye nyinyi pekee ndio mlioumia. Januari 2016 kambi ya wanajeshi wetu ilivamiwa El Adde, Somalia, na serikali haikutoa hesabu kamili ya waliokufa. Mama wa askari aliyekuwa kule alikaa nyumbani akipiga simu isiyopokelewa, na yeye ni wa upande wetu, si wa upande wa kamera. Mtajeni. Na mkiulizwa nani wa kulaumiwa, kuweni waangalifu sana. Baada ya Mpeketoni rais wa wakati ule, Uhuru Kenyatta, alisema ni siasa za hapa nyumbani, Al-Shabaab wakasema ni wao, na wakati wakubwa wakivutana, majirani waliokuwa wakikopeshana sukari walianza kutazamana kwa jicho la pembeni. Sema uliloliona kwa macho yako. La kusikia waachie wanaolipwa kulichunguza.

Binti yangu wa Malindi, wewe huna jarife lakini una basi. Umeniambia mamako anapeleka nyanya Lamu. Waambie basi linaondoka stendi saa ngapi, linakaa Gamba, pale njiani, muda gani likingoja askari wa kulisindikiza, na tenga la chini linakuwaje likifika Mokowe, gati la kuvukia Amu, jua likiwa limeshachoma. Lichukue tenga lenyewe uende nalo. Anza na hilo kabla ya salamu za wazee, maana dakika tano ni chache na protokali itakulia tatu.