Lori limerudishwa mpakani, nimshtaki nani? Wakili wa biashara anajibu

Barua za safari hii ni nyingi mpaka mhariri kaniambia nichague tano tu. Nimezisoma zote, na karibu kila mtu anauliza kitu kilekile kwa sura tofauti: serikali ikisaini makubaliano ya biashara alafu ikayavunja, nani anaikamata? Majina nimeyatoa kama wenyewe mlivyoomba. Wale mlioniuliza habari za mirathi na talaka, jamani, huyo wakili ni mwingine, mimi kazi yangu ushuru na mipaka.

Shikamoo dada wakili. Nanunua mahindi hapa Kibaigwa napeleka Nairobi. Juzi lori langu limekaa mpakani siku nne, afisa mmoja akasema mzigo una sumukuvu, karatasi ya maabara hakunionyesha, akaniambia geuza. Nimegeuza, nimeuza kwa hasara. Vijana wa hapa sokoni wananiambia niishtaki nchi ile kwenye WTO kule Geneva. Inawezekana? – Msomaji, Kibaigwa

Marahaba kaka, na pole sana. Geneva sahau. WTO ni Shirika la Biashara Duniani, na kule mlango ni wa serikali peke yake, nchi inaishtaki nchi, wewe na lori lako hamna kiti. Ungetaka kesi yako ifike kule ingebidi Dodoma waamue kuibeba, na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hazina desturi ya kufikishana Geneva, wanamalizana wenyewe kwa wenyewe, mara nyingi juu kwa juu.

Angalia yaliyotokea 2021. Mwezi wa tatu Kenya ilifunga mahindi yote ya Tanzania na Uganda kwa mkupuo mmoja, sababu hiyohiyo ya sumukuvu. Siku chache baadae zuio likaondolewa yakabaki masharti, muagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti, sumu isizidi chembe 10 kwa kila bilioni. Mwezi wa tano Rais Samia akaenda Nairobi, akakaa na Rais Kenyatta, mawaziri wakapewa kazi ya kufungua njia. Hakuna jaji aliyeguswa hapo, wakubwa wamekunywa chai mahindi yakapita. Mimi niliyesomea haya mambo inaniuma kidogo lakini ndo hali. Na sisi Watanzania tusijifanye malaika, 2017 vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vilichomwa moto pale Namanga, na Aprili 2025 tukafunga mazao ya Afrika Kusini na Malawi kwa sababu wao walifunga ya kwetu, ikiwemo ndizi, alafu baada ya siku chache tukafungua watu wakakaa mezani. Hiyo ya mwisho mimi naiita nipige-nikupige, na ukweli ilifanya kazi haraka kuliko kesi yoyote niliyowahi kuiona.

Ila wewe unao mlango wako mwenyewe na uko karibu, Arusha. Mahakama ya Afrika Mashariki inapokea mtu wa kawaida. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inasema mkazi yeyote wa nchi mwanachama, awe mtu au kampuni, anaweza kupinga sheria, amri au uamuzi wa serikali unaovunja Mkataba, na huhitaji kwanza kuzimaliza mahakama za nchini. Kampuni ya sigara ya BAT Uganda ilifanya hivyo mwaka 2017. Walikuwa wanaleta Uganda sigara zilizotengenezwa Kenya, serikali ya Uganda ikaweka ushuru wa bidhaa mkubwa zaidi kwa sigara za kutoka nje kuliko za ndani, na Kenya ikahesabiwa nje kana kwamba hakuna Jumuiya. Machi 2019 mahakama ikasema hapana, bidhaa ya mwanachama sio ya kigeni.

Sasa sikiliza vizuri kaka yangu, hapa ndo watu wanapoumia. Una miezi miwili. Sio miaka, miezi miwili toka uamuzi utolewe au toka siku ulipoujua, na mahakama ile haina huruma hata chembe kwenye hilo, kuna kesi ya watu walioteswa Mlima Elgon kule Kenya, mambo mazito kweli, 2012 ikatupwa kwenye rufaa kwa sababu ya muda tu. Wewe umesema juzi, basi anza kuhesabu leo. Na dai uamuzi kwa maandishi. Afisa akikwambia geuza kwa mdomo hujapewa kitu cha kushtakia, mwambie naomba fomu ya kukataliwa mzigo na namba ya sampuli ya maabara, akikataa andika jina lake, saa na namba ya gari, piga picha foleni. Kusema kweli kwa lori moja kesi itakula pesa kuliko mahindi yenyewe, kwa hiyo tafuta wenzako kumi wa hapo sokoni waliogeuzwa wiki hiyohiyo mwende pamoja. Na hata kabla ya kesi peleka malalamiko kwa kamati ya taifa ya vikwazo visivyo vya kiushuru, kila nchi ya Jumuiya inayo, bure, na kuna sheria ya Jumuiya ya mwaka 2017 inayowalazimu kukushughulikia.

Lakini pia kaka, pima mahindi yako. Sumukuvu ipo kweli na inaua watu. Ukifika Arusha na cheti cha maabara kinachoonyesha uko chini ya 10, kesi ni yako. Ukifika bila, unabishana kwa mdomo.

Wakili niaje. Mimi nauza mitumba Gikomba. Nakumbuka walisema mitumba itapigwa marufuku East Africa yote, alafu Kenya ikanyamaza, Rwanda ikakataa na ikaadhibiwa na Wamarekani. Si hiyo ni uonevu? Kwa nini Rwanda haikuenda kortini?

Poa sana. Kwa sababu hakukuwa na korti ya kwenda.

Rwanda iliadhibiwa kupitia AGOA, na AGOA sio mkataba. Ni sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 2000, wameitunga wao wenyewe, inasema tukiridhika na wewe bidhaa zako zitaingia kwetu bila ushuru, tusiporidhika tunakutoa. Uganda walitolewa Januari 2024 kwa mambo ya haki za binadamu, na muda wa sheria ulivyofika mwisho Septemba 2025 ukaisha hivyohivyo, viwanda vya nguo vya Kenya vikabaki vinapiga simu Washington. Jirani akikupa maji ya bomba lake bure, siku akifunga koki utamshtaki kwa kosa gani?

Hadithi ya mitumba ilikwenda hivi. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya walikubaliana mitumba iondoke ndani ya miaka mitatu ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikapeleka malalamiko kwa ofisi ya biashara ya serikali yao, kikasema nchi hizi zinatufungia soko huku zinafaidi AGOA. Kenya ikajitoa mapema, na naielewa, ina maelfu ya watu kwenye viwanda vya kushonea Wamarekani. Tanzania na Uganda nao wakarudi nyuma. Rwanda ikang'ang'ana na ushuru wake wa dola 2.5 kwa kilo, kutoka senti 20, na mwisho wa Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa AGOA. Nguo tu, bidhaa nyingine ziliachwa.

Mimi nina maoni yangu hapa na wengi hawayapendi. Rwanda haikuonewa kisheria, ilipiga hesabu, nguo ilizokuwa ikiuza Marekani zilikuwa kidogo kwa hiyo bei ya ubishi ilikuwa ndogo. Kenya ingefanya vilevile ingelipa mara nyingi zaidi. Kwa hiyo ukisikia nchi fulani ina msimamo, uliza kwanza msimamo huo umeigharimu shilingi ngapi. Biashara yako iko salama kwa sasa kaka, ila aliyeilinda hakuilinda kwa ajili yako.

Nasoma sheria mwaka wa tatu Dodoma. Mwalimu ametufundisha WTO kama mahakama kuu ya biashara duniani alafu nasikia imekufa. Nisome ya nini?

Soma, mtihani unakuja. Haijafa yote mdogo wangu, imekatika kichwa. Ukianzisha kesi mnaongea kwanza siku 60, mkishindwana linaundwa jopo, jopo linatoa ripoti, asiyeridhika anakata rufaa. Chombo cha rufaa kina viti saba na kila rufaa inataka watu watatu. Marekani walianza kugoma enzi za Obama, 2016, wakakataa mjumbe mmoja asiongezewe muda, Trump akaja akazuia uteuzi wote, Biden naye akaacha hivyohivyo. Tarehe 11 Desemba 2019 wakawa hawatoshi hata kwa kesi moja. Toka hapo ukishindwa unakata rufaa kwenye chombo kisicho na watu, na kwa kuwa rufaa ipo hukumu haiwezi kutekelezwa. Janja kweli.

Mfano uko humuhumu Afrika, na ni kesi ya madaftari ya shule! Tunisia ilikuwa inauza madaftari Morocco, Morocco ikasema yanauzwa kwa bei ya kutupa ikayapiga ushuru wa ziada. Tunisia ikaenda Geneva. Jopo likatoa ripoti 27 Julai 2021 likakuta kasoro kwenye hesabu za Morocco, na kesho yake, kesho yake kabisa, Morocco ikakata rufaa. Kwenye viti vitupu.

Lakini usiamini wanaokwambia zamani ilikuwa pepo. Kisiwa cha Antigua kiliishinda Marekani kwenye kesi ya kamari ya mtandaoni, 2007 wasuluhishi wakasema wanaweza kulipiza kwa kutoheshimu hakimiliki za Kimarekani mpaka thamani ya dola milioni 21 kwa mwaka, ruhusa rasmi ikatoka 2013, na imekaa kabatini. Adhabu ya WTO ndo hiyo mdogo wangu, hakuna polisi wala dalali wa mahakama, mshindi anaruhusiwa tu kulipiza, mara nyingi kwa kumpandishia ushuru aliyeshindwa. Sa wewe fikiria Tanzania ikipandisha ushuru wa matrekta ya Kimarekani nani ataumia, wao au mkulima wetu?

Aliyejua kuicheza ni Brazil. 2002 ikashtaki ruzuku ya pamba ya Marekani, ikashinda, Marekani wakasuasua, na 2009 wakapewa ruhusa ya kulipiza hadi kwenye hataza, yaani haki za uvumbuzi, na hakimiliki. Makampuni ya dawa na filamu yakashtuka kuliko wakulima wa pamba walivyowahi kushtuka. Marekani wakaanza kuilipa Brazil dola milioni 147.3 kwa mwaka, 2014 wakamaliza kwa dola milioni 300. Yaani walilipa ili waendelee na ruzuku! Na Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, ambao ruzuku ileile ilikuwa inawashushia bei, wao walipeleka ombi kwenye meza ya mazungumzo 2003, mkutano wa Cancún ukavunjika, pesa ya Brazil hawakuiona hata senti. Mkulima wa Simiyu anayeuza kwa bei hiyohiyo ya dunia hata hakujua kulikuwa na kesi. Hapo ukiandikia tasnifu nitaisoma.

Dada, mimi niko Naivasha kwa maua. Kwa nini Kenya ilisaini mkataba wa biashara na Ulaya pekee yake na Tanzania ikakataa? Si tuko Jumuiya moja?

Kwa sababu mko Jumuiya moja lakini kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa hamko safu moja. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zinahesabiwa nchi zenye maendeleo duni, na tangu 2001 Ulaya inaziingizia kila kitu bila ushuru isipokuwa silaha, wasaini wasisaini. Kenya peke yake haimo. Oktoba 2014 makubaliano yalichelewa kidogo tu, maua yenu yakaanza kutozwa ushuru mpaka karibu na Krismasi, wewe kama ulikuwepo nadhani unakumbuka zamu zilivyopungua. Kenya na Rwanda zikasaini 2016, Tanzania ikagoma ikihofia viwanda vyake, na hofu ile ilikuwa ya kweli, Mzee Mkapa aliisema hadharani. Mwisho Kenya ikasaini peke yake Desemba 2023, ikaanza kutumika Julai 2024, na bidhaa za Ulaya zinafunguliwa taratibu kwa hadi miaka 25. Sasa kazi ni Namanga, maana kitu cha Ulaya kikiingia Mombasa bila ushuru kisije kikavushwa Tanzania kama cha Kenya.

Wakili, nina gunia kumi na tano za mchele wa Kyela nataka kuvusha Sirari. Wakala wa forodha anataka pesa nyingi kweli. Lazima nimtumie? – Mama Mchele

Hapana mama. Mzigo wa Jumuiya usiozidi dola 2,000 unapita kwa cheti chepesi cha uasili, kinajazwa palepale mpakani, ukiwa na kibali cha afya ya mimea na mchele uko kwenye orodha. Usivuke bila hicho cheti hata wakikuharakisha, mchele usiojulikana ulikotoka ushuru wa pamoja ni asilimia 75. Na wakikwambia fomu zimeisha, keti hapohapo dirishani mpaka zipatikane.