Snapshoti za databezi kwa terminali: rejesha pembeni, usirejeshe juu

Mkuu, umesema duka la vipuri la mjomba wako Barabara ya Pangani linatumia PostgreSQL (programu ya databezi) kwenye kompyuta moja ya Linux, na kila jioni unanakili folda nzima ya data kwa cp, amri ya kunakili faili, huku seva ikiwa inafanya kazi. Umeuliza kama inatosha, na amri zipi zitakuwezesha kurudi nyuma mambo yakiharibika. Nakujibu kwa ninavyofanya mwenyewe. Natunza databezi ya chama cha akiba na mikopo hapa Ngamiani, Tanga, na snapshoti zote, yaani nakala za databezi kama ilivyokuwa wakati fulani, nazisimamia kwa terminali, kwa kuandika amri.

Hiyo cp iache leo. Seva ikiwa inaandika, faili moja unalipata na hali ya saa 12 jioni, jingine lina hali ya dakika mbili baadaye, na hayo mawili hayaelewani. Folda itaonekana kamili, lakini ukiwasha seva juu yake inaweza kugoma, au ikawaka na kukupa hesabu za uongo, na hilo la pili ndilo baya zaidi. Kunakili folda kwa namna hiyo kunahitaji seva izimwe kwanza.

Tumia hii:

pg_dump -Fc -f duka.sehemu duka && mv duka.sehemu duka-$(date +%Y%m%d-%H%M).dump

pg_dump inasoma databezi nzima kama ilivyokuwa pale ilipoanza, hata ikichukua nusu saa kumaliza. Wauzaji wanaendelea kuuza, hawazuiwi. Kinachosubiri ni amri za kubadili muundo wa majedwali, kama ALTER TABLE. Hiyo -Fc inatoa faili lililobanwa, ambalo pg_restore inaweza kulifungua kipande kipande. Nimeweka && na mv makusudi: umeme ukikatika katikati, faili nusu linabaki na jina la .sehemu na halitajifanya snapshoti nzima. Kwa umeme wetu huu, mkuu, usiruke hatua hiyo.

Watumiaji wa databezi wenyewe hawamo ndani ya faili hilo. Wachukue kwa pg_dumpall --globals-only. Pasiwedi iweke kwenye ~/.pgpass yenye ruhusa 600 (mwenye faili tu ndiye anayeweza kulisoma), usiiandike ndani ya skripti.

Ukitaka ijiendeshe, weka amri hizo ndani ya skripti na uiite kwa cron, kipanga ratiba cha Linux. Ukiziandika moja kwa moja kwenye crontab, faili la ratiba yake, alama ya % inahesabiwa kuwa mwisho wa mstari, amri inakatwa na tarehe yako haitoki. Skripti inakuepusha na hilo. Na cron inafuata saa 24, kwa hiyo saa 7 na nusu mchana wetu ni 13:30.

Sasa kurejesha, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Watu wengi wakipata tatizo wanakimbilia pg_restore --clean, inayofuta kwanza vilivyomo, juu ya databezi ileile inayotumika. Usifanye hivyo. Rejesha pembeni, kwenye databezi yenye jina jingine:

createdb duka_kagua
pg_restore -d duka_kagua -j 4 duka-20250310-1330.dump

Chamani kwetu fundi aliyekuja kubadili kiwango cha riba cha aina moja ya mkopo aliandika UPDATE, amri ya kubadili data, bila WHERE, sharti linalochagua mistari ya kubadilishwa. Riba ya mikopo yote ikageuka. Iligundulika alasiri, wakati wanachama walikuwa wameshaweka fedha na kulipa marejesho tangu asubuhi. Kurejesha snapshoti juu yake kungerudisha riba sahihi, lakini kungefuta miamala yote ya siku hiyo, na mwanachama mwenye stakabadhi mkononi angeambiwa hajalipa. Kwa hiyo tukairejesha pembeni. Kutoka huko nikatoa safu mbili tu kwa \copy, namba ya mkopo na riba yake ya zamani, nikaziingiza kwenye jedwali la muda ndani ya databezi hai. Kisha BEGIN, UPDATE ... FROM, nikalinganisha idadi ya mistari iliyobadilika na ile niliyoitarajia, ndipo COMMIT, inayothibitisha mabadiliko; kabla yake bado unaweza kuyafuta. Dirishani watu waliendelea kuhudumiwa, na hakuna muamala hata mmoja uliopotea.

Hata RDS ya Amazon, huduma ya databezi za kukodi mtandaoni, inafuata njia hiyo. Unapiga aws rds create-db-snapshot, na ukirejesha kwa aws rds restore-db-instance-from-db-snapshot unapewa seva mpya yenye anwani yake, ile ya zamani haiguswi. Snapshoti za huko zinazojichukua zenyewe hudumu siku 35 kwa wingi. Unazochukua kwa mkono hubaki hadi uzifute, na nafasi yake unailipia.

Kabla ya kazi ya hatari, kama kupandisha bei zote, kuna njia ya haraka: createdb -T duka duka_kabla_ya_bei. Inanakili databezi nzima ndani ya seva ileile, ila hakuna mtu mwingine anayetakiwa kuwa ameunganishwa na duka wakati huo, kwa hiyo ifanye mkishafunga. Jina likitaja kilichokuwa kinakuja, mwezi ujao hutabahatisha.

Nakala zote zikikaa kwenye diski ileile, diski ikifa zimekufa pamoja. Mimi nazifunga kwa gpg, programu ya kusimba faili zisisomeke bila ufunguo, kisha rsync, programu ya kuhamisha faili, inazipeleka kwenye kompyuta nyingine Chumbageni. Kufunga ni lazima: mle mna majina, simu na madeni ya watu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ufunguo wa gpg usikae kwenye mashine hiyohiyo. Za zamani nazifuta kwa amri ya find na -mtime, inayochagua faili kwa umri, isipokuwa ya mwisho wa kila mwezi, ambayo wakaguzi huiulizia.

Kabla hujaanza, piga pg_dump --version na psql -c 'select version()' uweke majibu hapa. pg_dump ya toleo la zamani hukataa seva ya toleo jipya zaidi yake, na kompyuta za maduka mara nyingi zina matoleo mawili yamechanganyika. Nikiyaona nitakuandikia skripti inayolingana na yako.