Muulize Mwalimu: Mtoto kapangiwa pri-aljebra, mzazi nasaidiaje?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Niko Columbus, Ohio, tulihamia huku na familia. Kijana wangu yuko gredi ya 7 na mwaka huu kapangiwa somo linaitwa pri-aljebra, mtoto wa jirani umri uleule kapangiwa hesabu nyingine, sijui ipi iko juu ipi iko chini. Mimi nilimaliza la saba Tanzania, hesabu nilikuwa naziweza kabisa, ila hizi za x na y nikifungua daftari lake naona giza, halafu yote kwa Kiingereza. Hivi wanafundishwa nini hasa, na mimi naweza kusaidia au ndo nikae pembeni? – Mama wa Gredi ya Saba

JIBU: Marahaba mama. Usikae pembeni hata kidogo, maana vitu vingi vilivyomo humo ulishavisoma wewe kwa Kiswahili, vimebadilishwa tu namna ya kuandikwa.

Pri-aljebra ni daraja la kati ya hesabu za kawaida na Aljebra 1, yaani somo kamili la kwanza la hesabu za herufi. Huko Marekani wengi wanaisoma gredi ya 7 au ya 8, na kuna shule hazitumii hilo jina kabisa, wanaita tu hesabu za gredi ya 7 au ya 8 lakini mambo ni yaleyale: namba hasi, sehemu na desimali, uwiano na asilimia, vipeo na vipeuo, milinganyo ya herufi moja, kuchora mstari kwenye grafu, kanuni ya Pythagoras, ujazo wa mcheduara na tufe, na kidogo takwimu na uwezekano. Ukiangalia hiyo orodha, asilimia unaijua, uwiano unaujua. Kiatu cha dola 60 kimepunguzwa asilimia 25 kinabaki 45, ukiweka kodi ya asilimia 8 unalipa dola 48.60, hilo ni swali la pri-aljebra kabisa na unalifanya kila ukienda dukani.

Na MAGAZIJUTO bado unaikumbuka bila shaka: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Huko wanaiita PEMDAS, yaani mabano, vipeo, zidisha, gawanya, jumlisha, toa, na hapa naomba uwe makini kidogo kwa sababu vifupi vyote viwili vinadanganya watoto. MAGAZIJUTO inataja kugawanya kabla ya kuzidisha, PEMDAS inataja kuzidisha kabla ya kugawanya, mtoto akikusikia wewe unasema hivi na mwalimu wake anasema vile atachanganyikiwa, kumbe ukweli ni kwamba kuzidisha na kugawanya vina hadhi sawa, unafanya kinachotangulia kutoka kushoto, na kujumlisha na kutoa hivohivo. 24 ÷ 4 × 2 ni 12, sio 3. 12 − 5 + 3 ni 10, anayekimbilia kujumlisha kwanza atapata 4 na atakosa.

Kingine kinachotisha wazazi ni maandishi. Kuanzia hapa alama ya × inaanza kupotea maana inafanana na herufi x, kwahiyo 3 mara 4 utaikuta imeandikwa 3(4), au 3 nukta 4 na nukta iko katikati ya mstari, na 3x maana yake 3 mara x. Kugawanya nako kunaandikwa kama sehemu, ya juu kwa ya chini. Ukishazoea hayo nusu ya giza inaondoka.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kwangu mimi ndo moyo wa somo zima, nacho ni alama ya sawasawa. Mtoto amekaa shule ya msingi miaka yote anaiona = kama amri ya "toa jibu". Mpe kijana wako hii: 8 + 4 = ☐ + 5. Wengi wanaandika 12 bila kusita, na wengine wanajumlisha zote wanaandika 17. Jibu ni 7, kwa sababu ile alama inasema upande huu na upande ule ni uzito mmoja, kama mizani ya sokoni, ukiondoa kitu huku lazima uondoe na kule. Mtoto akilielewa hilo milinganyo yote inakuwa rahisi, asipolielewa atakariri "peleka ng'ambo badili alama" na atafaulu mtihani wa wiki hii halafu mwakani kwenye Aljebra 1 anakwama, na hapo watu wataanza kusema hana akili ya hesabu wakati akili anayo sana tu.

Chukua mfano wa teksi. Kuingia tu dola 3, kila maili dola 2, umelipa 17, umeenda maili ngapi? Wewe utasema 17 toa 3 ni 14, gawanya kwa 2, maili 7. Basi umeshafanya aljebra mama! Ye darasani anaandika 2m + 3 = 17, anatoa 3 pande zote, anagawa kwa 2 pande zote. Halafu mwalimu atamwambia atengeneze jedwali, maili 1 dola 5, maili 2 dola 7, maili 3 dola 9, kisha achore kwenye grafu, atapata mstari ulionyooka unaoanzia kwenye 3 na kupanda 2 kwa kila maili. Huko kupanda ndo mteremko wa mstari, na ukishaona kwamba hiyo 2 ya kwenye nauli, ya kwenye mlinganyo na ya kwenye grafu ni 2 ileile moja, umeshaona kwanini somo hili lipo.

Ila nikwambie watoto wengi wanapoanguka: mara nyingi sio kwenye x, wanaanguka kwenye namba hasi na sehemu. Mtoto atakuambia nusu jumlisha theluthi ni 2/5. Muulize tu, 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Ni ndogo. Sasa umeongeza kitu ikapungua vipi? Mwache afikirie mwenyewe mpaka afike kwenye 5/6. Kwenye hasi mchoree mstari wa namba, 3 − 7 aanzie kwenye 3 arudi nyuma hatua 7 afike −4. Na −3² na (−3)² ni vitu viwili tofauti, ya kwanza −9 ya pili 9, mabano yana kazi yake. Haya yote mfanye kwa Kiswahili, asije mtu akakwambia Kiswahili kitamchelewesha, hesabu akiielewa kwa lugha ya nyumbani anaenda nayo darasani.

Kuhusu mtoto wa jirani, hili lifuatilie kweli. Mtoto yeyote akisoma Aljebra 1 gredi ya 8, kwa mpangilio wa kawaida wa kule anafika kalkulasi, zile hesabu za juu zinazokuja baada ya aljebra, gredi ya 12. Akiisoma gredi ya 9 kalkulasi inakuwa ngumu kuiwahi kabla hajamaliza, ingawa njia za kufidia zipo. Bob Moses, mpigania haki za weusi kule Mississippi, aliwahi kuishi Tanzania na kufundisha hesabu Same, Kilimanjaro, mpaka 1976. Aliporudi Marekani akakuta shule ya binti yake Maisha, aliyezaliwa Tanzania, haifundishi aljebra gredi ya 8, akaanza kumfundisha mwenyewe darasani, na kutoka hapo mwaka 1982 ukazaliwa Mradi wa Aljebra. Mpaka anafariki 2021 alikuwa anasema aljebra ni haki ya raia. Namuunga mkono kabisa. Kwahiyo nenda shule uulize: mwanangu yuko njia ipi, na anahitaji nini ili asome Aljebra 1 mwakani? Omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure, shule za umma kule zinawajibika kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, chini ya sheria ya haki za raia ya 1964.

SWALI: Mwalimu habari, mimi niko Mombasa, mtoto wangu ako gredi 7. Hiyo pri-aljebra mbona kwetu haipo, wanawacha watoto nyuma? – Baba Mwalimu-Nisaidie

JIBU: Ipo baba, haina jina lake tu. Kenya hesabu za junia skuli zimechanganywa pamoja, na gredi 7 wanasoma hayohayo ya herufi, milinganyo na alama za kubwa kuliko na ndogo kuliko. Mpe lile swali la 8 + 4 hapo juu leo jioni uone anajibu nini.

SWALI: Kalkuleta aruhusiwe? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Kwenye vipeuo visivyotoka kamili na ujazo wa tufe, ruhusa. Kwenye sehemu na namba hasi hapana, mpaka azizoee kwa mkono.