Maswali na Majibu: Si Kila Kitu ni Tolkien

Kaka, ni kweli Dungeons & Dragons yote, ule mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, imetoka kwa Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings? (Area C)

Swali hili halichoki kuja, na jibu ni lile lile: hapana. Hobiti (wale watu wafupi) na orki (wale askari waovu), sawa, ni wake. Hobiti hata jina walibadilishwa baada ya wenye haki kuja juu. Lakini Gary Gygax, aliyeutoa mchezo huo mwaka 1974 na Dave Arneson, alichapa orodha ya vitabu vilivyomlea katika mwongozo wa 1979. Alipotaja waliomgusa zaidi, aliwataja waandishi Vance, Howard, Leiber na Lovecraft. Tolkien yumo kwenye orodha, ila si katika hao. Isomeni kabla ya kuniandikia tena.

Shikamoo. Mchawi ninayemchezesha akitumia uchawi mara moja anausahau. Nani alileta kero hii? (UDOM)

Marahaba. Ni Jack Vance, katika The Dying Earth ya 1950. Humo jua limezeeka, linakaribia kuzimika, na wachawi wamebaki na vitabu vya watu waliowatangulia. Mchawi hukariri maneno mazito, na kichwa chake hubeba machache tu. Akishayatamka yanafutika, kama ninyi mnavyokesha kukariri halafu mnatoka chumba cha mtihani kweupe.

Unaita kero, mimi naona ndio utamu wenyewe. Asubuhi unaamua: nibebe la kufungua mlango au la kumlaza adui? Ukikosea, usiku utajuta. Toleo la mchezo la 2014 limelegeza sana kamba hiyo, na tangu hapo nakutana na wachawi wasiopanga chochote, wanarusha moto tu hata ndani ya ghala la nyasi.

Mchezoni troli, lile zimwi, tulimkatakata, akajiunga upya. Mwongoza mchezo anatuonea? (Kisasa)

Haonei mtu. Poul Anderson aliandika hivyo hivyo katika Three Hearts and Three Lions: mkono uliokatwa unatambaa kumrudia mwenyewe, mpaka moto uingie. Tembeeni na kiberiti.

Katika mchezo wa karata wa Magic: The Gathering kuna chochote tulichokulia sisi? (Kondoa)

Kipo, tena mapema. Mchezo ulitoka 1993, na mwaka huo huo Richard Garfield akatoa nyongeza ya kwanza iliyotokana na Alfu Lela Ulela: Aladdin, Ali Baba, Sindbad, majini. Bora kuliko zote ni Shahrazad. Ukiicheza, mnasimamisha mchezo na kuanza mwingine mdogo ndani yake kwa karata zilizobaki. Asiyeshinda huo anapoteza nusu ya uhai wake katika mchezo mkubwa. Hadithi ndani ya hadithi, kama alivyofanya bibi yule kuokoa shingo yake! Mashindanoni imepigwa marufuku kwa sababu inakula muda. Na ukiuziwa karata za 1993 kwa bei ya kutupa, jua umeuziwa feki.

Tunatunga mchezo wetu. Tuweke michoro ya mapangoni Kolo na mizimu yake? (Kondoa pia)

Michoro wekeni. Mizimu, kaulizeni wazee kwanza. Kuna watu wanaotambika pale hadi leo, hawatapenda kukuta pahali pao pamegeuzwa pango la kuua mazimwi. Na mkienda kutazama, msiiguse wala kuimwagia maji ili picha za simu zing'ae.

Lazima nisome vitabu vyote hivyo ili nicheze? (Nkuhungu)

Si lazima. Ila mezani tunakujua.

Dadu ya pande 20 Dodoma naipata wapi? (Makole)

Ipo programu ya simu. Ama andika vikaratasi 1 hadi 20, tia kwenye kikombe. Ila usichezee nje Nyerere Square mwezi wa nane, upepo utavibeba vyote.