Kompyuta inakata katikati ya gemu? Anza kwa kuangalia inavyokata

Kompyuta ikizimika ghafla ukiwa kwenye gemu, kila utakayemuuliza atakwambia ni joto. Huenda ni kweli. Mimi, kwa hizi mashine za ndugu na jamaa ninazoletewa, huuliza kwanza: inazimikaje? Picha ikiganda huku sauti ikirudiarudia, huo ni ugonjwa mwingine. Skrini ya bluu nayo ina mambo yake, mara nyingi dereva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa) au RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Hapa nazungumzia ile inayokata pap, kama mtu kachomoa waya ukutani: skrini nyeusi, feni kimya, taa zote zimekufa.

Halafu angalia inavyowaka tena. Ikiwaka bila shida, lakini ukirudi kwenye gemu inakata mapema kuliko mara ya kwanza, shuku joto, maana haikupata muda wa kupoa. Ila ukibonyeza kitufe haijibu kabisa, mpaka uzime swichi ya nyuma kwenye pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), usubiri kidogo, ndipo uwashe, basi pawa saplai imejifunga yenyewe kujilinda. Dalili hii wengi huipita, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Ukifungua Event Viewer ya Windows, mahali inapoandika matukio na makosa yake, utakutana na kosa la Kernel-Power 41. Usilishangilie. Linasema tu kwamba mashine ilizima bila kufuata utaratibu. Hata ukichomoa waya mwenyewe litaandikwa hilohilo. Cha kutazama ndani yake ni BugcheckCode, yaani namba ya kosa lililoiangusha Windows. Ikiwa 0, Windows haikuwahi kuandika kilichoiua, na mara nyingi chanzo ni umeme, joto au kifaa chenyewe.

Sasa tafuta ushahidi. Pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto na vipimo vingine vya mashine, ni ya bure, iambie iandike vipimo kwenye faili, kisha cheza mpaka mashine ikate. Ukiwasha, fungua faili na uende mstari wa mwisho. Prosesa nyingi za kisasa kikomo chake ni kama nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi, na kabla ya kuzima hujipunguza kasi zenyewe. Kwa hiyo joto kwa kawaida hubisha hodi: feni zinanguruma, gemu linaanza kukwamakwama, ndipo inakata. Kwenye mashine yangu, nayo ilikuwa ikikata hivyohivyo, mstari wa mwisho ulisoma prosesa nyuzi 68, kadi ya michoro 74. Hapo hakuna joto la kuua kitu.

Nilichogundua ni kwamba ilikuwa inakata nikitoka tu kwenye menyu ya gemu langu la mbio, mbio zinapoanza, yaani kadi inaporuka kutoka kwenye kupumzika hadi kufanya kazi kwa nguvu zote. Kadi kubwa za siku hizi huweza kunyonya umeme kupita kiwango chake kilichoandikwa, kwa milisekunde chache tu. HWiNFO kwa mipangilio yake ya kawaida husoma kila baada ya sekunde 2, hivyo hailioni ruko hilo. Pawa saplai inaliona, na kama imechoka au ni dhaifu inakata. Ndiyo maana kujumlisha wati za kwenye karatasi hakutoshi.

Jaribio lenyewe halina gharama. Fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ya michoro, shusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 70, na ndani ya gemu funga fremu (picha zinazochorwa) zisizidi 60 kwa sekunde. Yangu ilikaa jioni nzima bila kukohoa. Niliporudisha 100 ikakata kabla mbio hazijaisha. Kwa mtu asiye na hela ya kifaa kipya, hata kubaki kwenye 70 si vibaya; utapoteza fremu kadhaa, basi.

Kabla ya kununua, kagua nyaya. Kadi yenye tundu mbili za pini 8 watu huilisha kwa waya mmoja wenye vichwa viwili, kwa kuwa ndio ulio karibu. Vuta nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, na usukume kila kichwa mpaka usikie kimebana. Chomeka mashine moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni wala UPS ndogo, kisha ujaribu tena. Kwangu nyaya zilipunguza tatizo bila kulimaliza. Pawa saplai ilibidi iondoke.

Kama faili imeonyesha joto kweli, kazi ni ya kawaida: puliza vumbi (shikilia mapanga ya feni yasizunguke), badilisha pesti ya prosesa (ile inayopitisha joto kwenda kwenye kipozeo), hakikisha kipozeo kimekaza. Ukitumia cha maji, na nyuzi zinaruka hadi 90 na ushee sekunde chache baada ya kuanza kazi nzito, shuku pampu. Waliozidisha kasi ya prosesa au RAM warudishe BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla ya Windows) kwenye mipangilio ya kiwandani kwanza, ndipo tuongee.

Ukiishia kununua pawa saplai, nembo ya 80 Plus inaeleza inavyopoteza umeme kidogo, haikuambii ni imara kiasi gani. Tafuta vipimo vya waliofungua modeli hiyo na kuipima chini ya mzigo. Ile ya zamani usiifungue kutafuta ubovu. Kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Na nyaya zake usizihamishie kwenye mpya, hata zikiingia vizuri. Mpangilio wa pini upande wa pawa saplai hutofautiana kati ya modeli na modeli, na waya usio wake unaweza kuunguza diski zako zote siku ya kwanza unapowasha.