Shemeji, mimi si mwenyekiti wa mtaa

Shemeji, shikamoo. Ujumbe wako wa sauti wa dakika saba nimeusikiliza mara mbili. Unauliza kama ni kweli nimekuwa mwenyekiti wa mtaa huku Marekani, kama hiyo leseni niliyonayo inanunuliwa, na kama kijana wako, maadamu bahati nasibu ya grini kadi imemwangukia, aje Florida afuate kazi hii hii. Najibu kwa maandishi, maana kwenye simu dada yako hunikatiza.

Mwenyekiti wa mtaa sijawa. Muhuri sina, barua za utambulisho siandiki, na hakuna aliyenipigia kura. Huku ukinunua nyumba kwenye mitaa mingi ya siku hizi, umenunua na uanachama wa jumuiya ya wenye nyumba, wenyewe wanaiita HOA. Huulizwi kama unataka. Jumuiya ina bodi ya wakazi wanaojitolea, ina bajeti, ina kanuni: rangi ya ukuta, urefu wa nyasi, gari la kazi lilale wapi. Wanabodi wana shughuli zao, kwa hiyo wanamlipa mtu akusanye ada, atafute mafundi, aandae mikutano, atunze makabrasha na aandike barua za kuwaudhi majirani zao. Mtu huyo ndiyo mimi. Ninazo jumuiya nne.

Na ada si mchezo. Mtu anaweza kuwa amemaliza deni la benki, hati iko kabatini, na bado jumuiya ikamfikisha mahakamani na nyumba ikauzwa kwa ada aliyoshindwa kulipa. Katiba ya Florida inailinda nyumba ya kuishi dhidi ya wadai wengi, lakini si dhidi ya huyu. Ndiyo maana salamu zangu hazipokelewi na kila mtu.

Leseni hainunuliwi, ingawa pesa zinatoka. Sheria ya jimbo inasema anayelipwa kusimamia jumuiya yenye nyumba zaidi ya 10, au yenye bajeti ya mwaka inayozidi dola 100,000, lazima awe nayo. Uwe umetimiza miaka 18, usome kozi ya saa 16, alama zako za vidole zichunguzwe, kisha mtihani wa maswali 100, na ukipata 75 umepita. Ukikaa miezi 12 baada ya kozi bila kufanya mtihani, unasoma upya. Digrii hawaulizi. Diploma yangu ya ardhi hakuna aliyetaka hata kuiona.

Nilifeli mara ya kwanza. Nilipata 71, na dada yako anajua nilivyokaa kwenye gari nusu saa kabla ya kuingia ndani. Kilichoniangusha si hesabu za bajeti. Ni kile Kiingereza cha sheria, ambapo neno moja dogo linamaanisha bodi lazima ifanye na lingine linamaanisha ikipenda. Kwenye mazungumzo maneno hayo yanapishana bila shida. Kwenye mtihani kila moja ni alama.

Nikikwambia kazi yenyewe ikoje, nianze na pipa. Mwaka wa kwanza wa leseni nilimwandikia barua mzee mmoja mjane. Gari la taka hupita Jumanne asubuhi, na kanuni ya mtaa wake ilikataza pipa kutoka nje kabla ya saa kumi na mbili jioni ya Jumatatu. Lake nililikuta barabarani saa nane mchana. Nikapiga picha, nikatuma onyo. Akaja ofisini na barua ameikunja mara nne. Akaitandaza mezani, akaweka mkono wake juu yake, hakusema kitu. Vidole vilikuwa vimejipinda kwa maradhi ya viungo, kama mizizi ya tangawizi. Binti yake ndiye aliyekuwa akimtolea pipa, akipita kabla ya zamu yake ya mchana. Nilimwomba radhi nikaifuta barua. Jioni mwenyekiti wa bodi akanipigia simu kunigombeza kwa kuifuta, na kwa kanuni zao yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Julai 2024 ikaanza kutumika sheria mpya: jumuiya haiwezi tena kumtoza mtu faini kwa pipa lililotoka ndani ya saa 24 kabla au baada ya taka kuchukuliwa. Haiwezi pia kukataza kamba ya nguo au bustani ya mboga isiyoonekana kutoka mbele ya nyumba wala kwa jirani. Barua za namna hizo nimeandika nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Na faini, wasikudanganye, hatozi msimamizi. Mwenye nyumba anapewa notisi ya siku 14, kisha anasikilizwa na kamati ya wakazi wasiopungua watatu wasio wanabodi. Lakini barua ina jina langu chini, kwa hiyo wa kutukanwa ni mimi.

Sasa kuihuisha leseni, maana ndiko nilikoumia. Leseni zetu zote, hata ya aliyeipata juzi, huisha siku moja: tarehe 30 Septemba ya kila mwaka wa shufwa. Kabla ya hapo uwe umesoma saa 15, kuanzia mabadiliko ya sheria mpaka bima. Hiyo sheria ya 2024 imetuongezea sharti, sisi wa HOA tusome saa 5 zinazohusu HOA yenyewe, 3 kati yake ziwe za utunzaji wa kumbukumbu. Mwaka 2020 masomo nilikuwa nimeyamaliza, nikasahau kulipia. Nilikuwa nimebadilisha baruapepe, vikumbusho vikaenda kwenye ile ya zamani. Nilishtuka Oktoba imeshaingia. Leseni ikasomeka imepitwa na muda, na ikiwa hivyo huruhusiwi kufanya kazi hata siku moja. Kampuni ikanikalisha nyumbani bila mshahara hadi mambo yakae sawa, na ada ya kuchelewa juu yake. Ule mwezi niliowaambia benki ina matatizo ya kutuma pesa, Shemeji, benki haikuwa na tatizo lolote. Nisamehe.

Tangu hapo nalipa Julai. Septemba huku ni kilele cha vimbunga: Ian kilitua tarehe 28 Septemba 2022, Helene tarehe 26 Septemba 2024. Siku hizo nahesabu mapaa, sina muda wa kutafuta nywila.

Zamani niliyaona masomo haya kama kodi tu. Kisha tarehe 24 Juni 2021, usiku, ghorofa la makazi la Champlain Towers South pale Surfside, karibu na Miami, likaporomoka, watu 98 wakafa. Jengo la mwaka 1981. Wenye nyumba walikuwa wamebishana miaka kuhusu gharama za ukarabati, na miezi miwili tu kabla ndipo bodi ikapitisha mchango wa dola milioni 15. Leseni ya kusimamia maghorofa kama lile ndiyo hii hii yangu. Siku hizi fundi akiniambia nondo zimeanza kutoka kutu, simwachi aondoke mpaka aandike.

Kuhusu kijana: asiitafute leseni kwanza. Aanze msaidizi wa ofisi. Anayefanya kazi za ukarani chini ya msimamizi mwenye leseni hadaiwi yake. Mimi nilianza hivyo, dola 15 kwa saa, nikijibu simu za watu wanaolalamikia mbwa. Akivumilia mwaka mmoja bila kumjibu mtu vibaya, kozi nitamlipia mimi. Akiamua kwenda Texas kwa rafiki zake, huko msimamizi hadaiwi leseni, ila matusi ni yale yale.

Dada yako anasalimia. Anaanika kanga zake nyuma ya nyumba, nyuma ya ule ukuta wa gereji. Kamba nilimpimia mwenyewe: nilikwenda nikasimama barabarani, kisha kwa jirani, nikachungulia.