Kina mama mnauliza: Mtafiti ananidadisi, nimjibu?

Safari hii maswali mengi yamehusu watafiti wanaopita wodi za wazazi hapa Moshi na Arusha. Nimefurahi, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Nilijifungua hospitali ya KCMC hapa Moshi. Kesho yake asubuhi, hata mtori sijaletewa, nesi akaja na fomu: nimesoma mpaka darasa la ngapi, mume anafanya kazi gani, mimba ngapi zimeharibika. Yote hayo ya nini? – Mama Neema, Kiboriloni

Alikuwa anakuandika kwenye rejesta ya vizazi. KCMC wanayo tangu mwaka 2000, iliyoanzishwa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, na wakunga waliofunzwa huwahoji kina mama ndani ya saa 24 baada ya kujifungua. Mama akirudi na mimba ya pili au ya tatu, namba yake ya hospitali inaziunganisha taarifa zake zote. Ndivyo watafiti walivyoonyesha kwamba aliyewahi kupata shinikizo la damu la mimba, kujifungua njiti au kupoteza mtoto yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kurudiwa na hayo hayo. Kwa hiyo kuuliza mimba zilizoharibika si umbea. Ukificha kwa sababu wifi amekaa pembeni ya kitanda, utakayeumia ni wewe. Mwambie nesi amtoe wifi nje kwanza.

Na hili hukuuliza, lakini nalisema: rejesta ile inawaona waliofika KCMC, na baadhi yao wamefika kwa rufaa. Aliyejifungulia nyumbani huko Rombo hayumo. Mtu akichukua takwimu za hospitali moja akadai ndiyo hali ya Kilimanjaro nzima, mkatalie.

Ni kweli damu wanayochukua watafiti inauzwa? – Msomaji, Unga Limited

Hapana, na nimechoka kulijibu swali hili kwa watu waliotia saini bila kusoma. Fomu ya ridhaa inaeleza damu itapimwa nini, itatunzwa wapi, na upige namba gani ukiwa na malalamiko. Kama hujui kusoma, usomewe mbele ya shahidi unayemwamini. Hakuna fomu, hakuna kibali cha kamati ya maadili? Usitoe hata tone. Ukikataa, huduma yako haibadiliki, na anayekutisha kwamba itabadilika anavunja sheria za kazi yake.

Mke wangu amesaini fomu ya utafiti bila kuniuliza. Ni halali? – Baba G., Njiro

Mwili wake, saini yake. Ni halali.

Mke wangu alipojifungua walimtandikia plastiki yenye mistari, damu ikawa inaingia humo. Walikuwa wanamfanyia majaribio? – Baba wa mapacha, Ngaramtoni

Majaribio yalishafanyika, na Tanzania ilikuwemo pamoja na Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, kwenye hospitali 80. Matokeo yalitoka 2023. Mistari ile inapima damu. Mama akishapoteza mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, hapo ni kuvuja damu, na mkunga haruhusiwi kusubiri.

Zamani tulikuwa tunakadiria damu kwa macho. Kanga imelowa, shuka limelowa, nyingine imechuruzika chini ya kitanda, halafu mtu anaandika "damu ya wastani". Utafiti huo ulionyesha kwamba kwa utaratibu huo wa zamani karibu nusu ya kina mama waliokuwa wanavuja damu hawakugundulika. Palipowekwa plastiki na mkunga akatoa matibabu yote kwa pamoja (kukanda kizazi, dawa ya kukikaza, dawa ya kusaidia damu kuganda, dripu, kukagua kama kuna palipochanika), kuvuja damu kwa hatari, upasuaji wa kuzuia damu na vifo, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60.

Kwa hiyo shukuru. Kisha uliza kituoni kwenu kama oksitosini, ile dawa ya kukaza kizazi, inatunzwa kwenye friji, kwa sababu ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu na plastiki peke yake haimwokoi mtu. Na mimba ijayo, gari na watu wawili wa kutoa damu viwe tayari mwezi mzima kabla.

Sikumbuki hedhi yangu ya mwisho. Mimba ina miezi mingapi? – Wengi mno

Siwezi kujua, na mkinitumia tena swali hili sitalijibu. Nendeni kliniki mapema mkapige utrasaundi kabla ya wiki ya 24, baada ya hapo makadirio hayaaminiki sana. Wasichana, andikeni tarehe kwenye kalenda ya ukutani au kwenye simu.

Udongo unaouzwa sokoni si unaongeza damu? – Mama kijacho, Himo

Hauongezi, na unaweza kuzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Meza vidonge ulivyopewa kliniki, na usivimeze kwa chai.

Nasomea uuguzi, natafuta mada ya utafiti kuhusu afya ya uzazi. Nisaidie. – Mwanafunzi, Moshi

Usiwapelekee kina mama dodoso jingine la "uelewa na mtazamo". Wamehojiwa vya kutosha. Fungua mafaili ya wodini: kuanzia mama anapoamuliwa kufanyiwa upasuaji mpaka kisu kinapomgusa hupita dakika ngapi? Usiku je? Jumapili? Omba kibali, hesabu, kisha matokeo wasomee wakunga wa zamu na kina mama wa kliniki ile ile kabla hujayapeleka mkutanoni Dar.